Uongozi Hautahusika

Gia ya basi ilitufia Makambako, saa tatu usiku,
na upepo wa Makambako haubishi hodi:
unaingilia mkono wa shati, unatokea kwenye kola.
Nikaona taa moja, chini yake kibao:
HOSTELI. VYUMBA SAF. MAJI MOTO SAA 24.
Ile I iliyodondoka niliirudishia mwenyewe,
kichwani, kwa imani.

"Kamwene," akasema kijana wa kaunta.
"Kamwene." Nikahesabu elfu nane.
Akanisukumia daftari lililopigwa mistari kwa rula:
jina, kabila, kazi, utokako, uendako.
Kazi: fundi cherehani.
Uendako: Ludewa, Mungu akipenda na gia ikipatikana.

Chumba namba sita. Kumbe ni tisa:
msumari wa juu uling'oka,
tarakimu ikaning'inia kichwa chini.
Kandambili mbili, zote za kushoto,
zimekatwa visigino zisiibwe.
Mwizi gani huyo mwenye miguu miwili ya kushoto?
Chandarua kina matundu ya kupita kuku,
ila mbu wenyewe walishahama kwa baridi.
Na shuka, mimi ni fundi, najua kusoma mshono:
mikono mitatu tofauti imelishona,
wa mwisho kwa uzi wa gunia la viazi.

Nyuma ya mlango, karatasi ndani ya nailoni:
"Uongozi hautahusika na mali isiyokabidhiwa."
Nikaisoma mara nne. Ukweli mtupu.
Haukuhusika na bomba linalokohoa kutu,
haukuhusika na kioo cha dirisha, pengo lake limezibwa
na bango la mgombea wa uchaguzi uliopita,
akinitabasamia usiku kucha, akiniahidi maji.
Na choo cha mwisho wa korido
nisikiseme; kuna watu husoma wakila.

Maji moto nilipoyaulizia, kijana akatazama viatu vyake.
"Hita iliungua."
Lini?
"Kabla sijaajiriwa."
Na uliajiriwa lini? Akacheka kidogo,
kama mtu anayewasha kiberiti kilicholowa.

Saa saba, macho makavu, nikasikia mlango.
Kaleta blanketi la pili, zito, linanuka mkaa.
"Chukua, mzee. Leo upepo una hasira."
Sikuuliza limetoka wapi.
Baridi haimwachii mtu adabu ya kuuliza.

Alfajiri, nikienda kuangalia gia,
nikamkuta Ngimbudzi (jina nililipata kwa mama wa chai)
amejikunja juu ya benchi la kaunta,
kajifunika pazia, waya wake bado umo pindoni.
Mwezi wa nne huu hajalipwa, alisema mama, akimimina.
Mwenye hosteli yuko Dar. Simu anapokea Jumapili.

Nikarudi chumbani, nikatoa sindano.
Pindo la blanketi lilifumuka kona hadi kona;
nikalipitia lote, mishono midogo midogo,
uzi wa bluu, ndio niliokuwa nao.
Nikamfunika. Hakuamka.

Daftari lilikuwa wazi kwenye safu ya maoni.
Mgeni wa juzi: "Maji."
Wa jana: "Maji!"
Mimi nilikuwa nimepanga ukurasa mzima,
maneno yenye meno, tangu saa nane za usiku.
Honi ya basi ikalia.
Nikaandika: Blanketi lenye uzi wa bluu ni la kijana.
Uongozi usihusike.