Pazia

Saa tatu usiku: mboni tatu kwa tatu, zinacheza.
Ndivyo tunavyoandika kwenye chati, kwa wino wa bluu,
milimita tatu kulia, milimita tatu kushoto.
Nje mvua ya Tukuyu haijui kukoma,
mabati yanazungumza peke yake.

Kijana ameangushwa na lumbesa.
Alikaa juu ya magunia ya viazi toka Isyonje,
lori likayumba penye kona ya ukungu,
akatua kwa kichwa, viazi vikamfuata.
Alikuja anaongea. Aliulizia simu yake.
Aliuliza nani atalipa viazi vilivyomwagika.
Kisha akasinzia, nasi tukamwacha asinzie
dakika kumi na tano, si zaidi.

Anaitwa Anyosisye. Mama yake kakaa sakafuni,
kanga mbili na sweta la kiume.
"Mboni yangu," anamwita, "mboni ya jicho langu,"
nami nainama na tochi niliyonunua Mwanjelwa kwa elfu nne
kuitazama hiyohiyo aliyoitaja.

Wahenga walisema macho hayana pazia.
Wanisamehe. Lipo.
Duara jeusi, na pembeni yake kitambaa cha kahawia
kinachovutwa na kuachiwa
na mkono usioonekana, usioomba ruhusa.
Mulika kulia, kushoto nako kunajikunja:
macho mawili, kamba moja,
na kamba imeshikwa huko nyuma, gizani,
kwenye shina la ubongo,
jirani na mahali pumzi inapoamuliwa.

Nimeona mboni nyingi.
Mpuliza dawa wa Kikondo, sumu ya wadudu imemvujia mgongoni:
ncha za sindano, na mate yakimtiririka.
Bibi wa saratani, baada ya morfini:
mbegu mbili za ulezi, na tabasamu.
Mwanangu Tusekile, nikimuuliza kumi na saba mara sita,
zinatanuka kwanza, jibu linakuja nyuma yake,
likishapatikana zinarudi zilipokuwa.
Na baba yake, siku aliyoniaga anakwenda Tunduma
kwa wiki mbili.
Dirisha lilikuwa wazi, jua limejaa chumba kizima,
mboni zikatanuka.
Hazisemi ni jambo gani. Zinasema kuna jambo.
Sikuuliza. Mwaka wa tatu sasa.

Saa nane na robo.
Kushoto tatu. Kulia tano.
Nikazima tochi, nikaiwasha, nikaigonga gotini,
maana mtu hupenda kuilaumu betri kwanza.
Kulia tano. Inajivuta
kama mlango uliovimba kwa mvua.
Damu imejipatia chumba ndani ya fuvu,
inasukuma ukuta,
na uzi mmoja mwembamba wa neva umebanwa.

Sikukimbia. Tulifundishwa tusikimbie.
Nilitembea tu,
lakini kwa namna iliyomfanya mama yake asimame.

Ngajilo aliendesha kana kwamba barabara anaikumbuka
kuliko anavyoiona. Uporoto yote ilikuwa maziwa.
Mimi nyuma, goti kwenye chuma cha machela,
namulika kila baada ya dakika tano.
"Unaona nini humo?" mama akaniuliza.

Ningeweza kumjibu kwa lugha ya chati:
neva ya tatu, shinikizo, upande uleule.
Ila nilichokiona, kweli, ni kijitu
kidogo kuliko punje ya mchele,
kimevaa koti jeupe, kimeshika kinuru,
kimesimama kwenye mlango wa nyumba ya watu usiku wa manane.

"Nabisha hodi," nikamwambia.

Tulipofika Uyole kulia ilikuwa sita
na haikuitika tena.
Kushoto iliitika. Kwa uvivu, lakini iliitika.
Nikaiandika kwenye kiganja, karatasi zilishalowa.

Mbeya wakampokea watu wanne, wakasukuma,
milango miwili ikapepea, ikatulia.
Nikabaki koridoni, chini ya taa nyeupe tupu,
tochi yangu inawaka, inamulika vigae.

"Zima," alisema mama, bila kunitazama.
"Utamaliza betri.
Asubuhi utaihitaji kumtazama."