Kopo la Pili

Mwalimu Nandonde alisema rangi zake ni za maji.
Mama akacheka: basi umekosea mji.
Hapa Newala, mwaka ule, bomba lilikohoa hewa
na ndoo moja ilikuwa safari ya bondeni,
kushuka alfajiri, kupanda na jua la utosini.

Nilishuka mimi.

Dada Somoe aliketi kwenye kigoda, kisogo ukutani,
kajifunga kanga ya zambarau iliyopauka,
blauzi ya mikono ya puto, ya marehemu shangazi,
na shanga nyekundu shingoni, za kuazima.
Kanga ni doti. Ya pili nilikuwa nayo mimi,
nimeisokota kata chini ya ndoo,
maneno yake yote yamekunjwa ndani
yananyonya maji yanayochuruzika.

Nilipofika, kopo la kwanza lilishakuwa tope.
"Lete jingine," akasema, bila kuinua macho.
Nikamimina. Mkono ulitetemeka, si kwa hasira,
au labda kwa hasira; nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Leo picha iko kwangu, katikati ya stakabadhi za korosho.
Shavu limeiva upande mmoja, kama bibo.
Vidole ni safi mno. Utomvu
uliokuwa ukimla ngozi msimu mzima haumo;
mwalimu aliuosha kwa maji yangu.
Na kwenye pindo la kanga, penye maandishi,
ametia vidoa, sisimizi waliotawanyika.
Herufi hazikumhusu.
Mimi nazijua, zilinikaa utosini:
MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Mama hakuyamwaga maji machafu.
Aliunyweshea mpapai mchanga nyuma ya jiko,
bluu, kahawia, zambarau, yote,
nasi tukasubiri, kwa dhati kabisa, papai la rangi.
Likaja la manjano, kama mapapai ya watu.

Juzi Somoe kaja kutoka Tandahimba, mjukuu mgongoni.
Akaitazama picha kwa mbali, kisha karibu,
akaigeuza nyuma kama anayetafuta bei.
"Mzuri," akasema. "Lakini huyu amekwisha kunywa.
Mimi siku ile ulimi ulinigandia kinywani,
namtazama mtu anachovya brashi."

Nikainuka.
Siku hizi bomba liko uani,
linatoka Jumanne na Ijumaa.
Ilikuwa Jumatano.
Nikachota kwenye pipa.