Deni

Kamari? Astaghafiru. Sisi hatukucheza kamari.
Tuliwekeana halwa tu, ratili mbili, ratili tatu,
na ikizidi kumi kila mtu alijua
hiyo si ya kuliwa.
Fundi Shekuwe, mshona kofia wa Langoni,
ndiye aliyeshika daftari: punda kushoto, ratili kulia,
na jina la mtu hakuliandika.
Alipitisha uzi kwenye karatasi,
kila mmoja na rangi yake, asije kadhi akasoma.

Basi, Deni.
Baba alimchukua kwa mkopo, ndipo jina likamganda.
Rangi ya majivu, sikio la kushoto lina pengo,
mfupi, kifua kama mlango wa bohari.
Juma zima mchanga, matofali, chokaa.
"Kukopa harusi, kulipa matanga,"
alisema nyanya siku ile alipoingia uani
akamla mkeka wake.

Maulidi ya kwanza akaacha kumi na wanane nyuma.
Ya pili naisikia mpaka leo:
kwato juu ya saruji ya Forodhani
kama mtama unaomwagwa kwenye sinia,
Lali Badi mgongoni bila tandiko,
nyayo zake karibu ziburure chini.
Hakuchapa. Alimnong'oneza.
Alimwambia nini, hakutuambia
hata alipokwenda zake Jidda.
Na umati, toka gatini mpaka Mkunguni:
"Deni huyo! Deni huyo, amekuya!"
Wageni wakatazamana. Mji gani huu,
watu wanashangilia deni likija?

Ya tatu ni ya Mama.

Asubuhi aliniita jikoni, akavua bangili,
ile ya dhahabu niliyoiuma nikiota meno,
ina kidoa, ukiijua utakiona.
Akaifunga kwenye pembe ya leso.
"Mpe Fundi. Mwambie uzi wa zambarau.
Na babako akijua, nitakutia mtungini."
Nilikuwa na miaka tisa.
Siku ile nilikimbia kuliko punda.

Tena tukasimama dirisha la juu, mimi na yeye,
pumzi yake kisogoni mwangu.
Deni mbele. Deni mbele kwa shingo nne,
wa pili hata vumbi lake halimfikii,
na Mama ameanza kunifinya bega,
mara Deni akakumbuka kazi.

Akakata kona. Akaingia kichochoro
cha Bi Rukia Famau, aliyekuwa akijenga choo,
alikopelekewa mchanga wiki nzima.
Akasimama mlangoni pake, akainamisha kichwa,
akangoja kupakuliwa.
Lali juu yake, ananong'ona, anavuta, analia,
na Bi Rukia anachungulia, "Leo mmeniletea mtu?"

Nikadhani Mama atazimia.
Alicheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni,
mkono mtupu umeshika mbavu.
"Mwanamume pekee wa mji huu
anayejua mzigo unapelekwa wapi."

Baba alimaliza kumlipia Deni
miezi miwili baada ya kumzika.

Bangili niliiona tena. Arusi ya binti wa Fundi,
mkononi mwa bibi arusi, hina hadi viwikoni,
na kidoa cha jino langu kikimeta.
Sikusema. Nilikula halwa yao,
halwa kweli safari hii, nikalamba na vidole.

Siku hizi mpwa wangu Mselem hucheza kwa simu,
timu za miji asiyoweza kuitamka,
anashindwa kimya kimya, amelala chali,
hakuna hata harufu ya mavi.
Jana akaniuliza, jicho liko kwenye kioo,
"Huyo punda wenu, khalati, alishinda ngapi?"
Mbili.
"Mbili tu?"
Mbili, nikamwambia. Na moja akafika kwa Bi Rukia.