Koti Kitini

Usaili, Manispaa ya Ilemela, saa nne asubuhi.
Cheti changu kilipita mkono kwa mkono.
"Saikolojia ya kazi na taasisi,"
mwenyekiti akasoma, akavua miwani.
"Sasa wewe, Minza, hapa kwetu
umesikia kuna vichaa?"

Wakacheka. Upepo wa ziwa ukapekua mafaili yao.

Nikasema: kuna msoma mita mmoja, Igogo.
Husaini daftari saa moja na nusu,
huning'iniza koti kitini, hutoweka.
Koti ndilo huhudumia wananchi hadi jioni.
Ninyi mtamwandikia barua ya onyo.
Mimi nitaanza na koti:
nani alimchosha mwenyewe,
miaka saba bila kupandishwa daraja,
bila hata "pole na kazi"?

Kimya.
Mwenyekiti akageuza shingo, taratibu,
akalitazama lake.