Kengele Iliyoshiba

Nalipwa kwa saa, hata saa za kimya.
Ndivyo abate alivyouandika mkataba,
mtu wa mahesabu, mwenye roho safi.
Siku ya kwanza nilivuna faranga nyingi
kwa kuketi tu kati ya watu wawili
wanaotazama theluji ya kwanza ikigusa dirisha.

Kushoto kwangu Ndugu Odilo, mtunza nyuki,
miaka arobaini na mmoja ndani ya joho jeusi,
vidole vimepinda kwa baridi yabisi.
Kulia kwangu mtawa Myoren wa Niigata,
kichwa kimenyolewa, kimefichwa ndani ya kofia ya sufu
aliyoazimwa na mpishi, yenye kishada chekundu.

Siku ya pili alilitamka neno.
Neno fupi, silabi moja, pumzi na nusu.
Nikafungua kinywa. Nikakifunga.
Nikisema utupu, mzee ataona mtu aliyevuliwa nguo,
au chungu jikoni siku ya njaa.
Nikisema uwazi, ataona mlango,
na atauliza, kama alivyouliza kweli:
mlango huo unaelekea kwa nani?
Nikamwambia: kwao, alama hiyohiyo
ukiisoma kwa sauti nyingine ni anga.
Odilo akainua macho darini.
Palikuwa na doa la unyevu.

Akajibu kwa habari ya Mwana aliyejimimina
hadi tone la mwisho, asijibakizie kitu.
Myoren akasikiliza, kisha akauliza:
alijimimina ndani ya nini?
Hapo, nakiri, nilichukua mapumziko
ambayo hayakuwamo kwenye ratiba.

Siku ya tatu maprofesa walisoma karatasi.
Kila mmoja alitaja daraja. Daraja, daraja,
hata nikahisi hakuna mto.

Tukatoka nje, sisi watatu.
Gion alikuwa akiteremsha ng'ombe kutoka milimani,
na mmoja, Flurina, alikuwa amezaa njiani.
Kengele yake ilishindiliwa nyasi kavu
ili ndama apate usingizi.
"Imeshiba," Gion akasema, "kwa hiyo haina la kusema."
Nilipotafsiri, Myoren akacheka
kama mtu aliyeukuta ufunguo mfukoni mwake
baada ya kuipekua nyumba nzima.

Tumezoea kulicheka debe tupu linavyovuma.
Sikuwahi kufikiri kwamba kengele nayo
ni debe tupu lililobatizwa.

Odilo akazichomoa nyasi moja moja,
kama achomoavyo miiba ya nyuki mkononi,
akaitikisa kengele. Bonde likaitika. Ndama akaamka.
"Lakini yuko aliyeisubu," akasema. "Shaba haijiyeyushi."
"Na huyu anayeibeba?" akauliza Myoren,
kiganja chake kikiwa shingoni mwa ng'ombe,
"yeye alisubiwa lini?"

Hawakukubaliana. Naliandika hili
kwa kuwa ile taarifa ya mwisho,
niliyoipiga pasi mwenyewe kwa lugha tatu,
inasema waliafikiana.

Usiku nilimkuta Odilo kanisani, sakafuni,
miguu ameikunja nusu, magoti yakimlilia,
akijaribu, kwa heshima ya mgeni, kutoomba.
"Nashindwa," akaninong'oneza.
"Kila nikinyamaza, nakuta Yeye ametangulia kufika."
Sikujua kama analalamika.

Asubuhi, basini, Myoren aliniuliza
asante husemwaje kwa lugha ya mabonde haya.
Nikamfundisha.
"Na huambiwa nani?"
Yule aliyekupa.
"Na kama hakuna aliyetoa?"
Nikafikiri hadi kona tatu za mlima zikapita.
Basi unasema tu, nikajibu,
bila kujua naongea kwa niaba ya nani.

Akalifanyia neno mazoezi hadi Chur,
midomo karibu na kioo, kioo kikifanya ukungu,
ukungu ukifutika, akianza tena.
Saa mbili hizo sikuzidai.
Kofia ya mpishi ilikuwa bado kichwani mwake.