Moto Juu ya Moto

Huku Goma ukitamka moto
msikilizaji hungoja kidogo:
wa kupikia, au wa kupanda?

Mimi nautaka wote, katika mkoba mmoja.
Nafuata formaji Masisi, siku mbili kwenda,
mvua ikipenda, tatu kurudi,
na chai ya Mushaki siku hizi ni ya kusimuliwa tu:
kibanda kimefungwa, mwenye birika amehama.

Birere nimefika na kamba ya fundi cherehani.
Nafasi iliyobaki nyuma ya kiti changu
ni shubiri moja kwa vidole vinne.
Pampu na spana namba kumi na saba
zilitangulia, hazisogei.

Nikasema, Mama Katungu, nataka kijiko.
Akaniletea kijiko cha sukari.
Hapana mama. Jiko, ila dogo.

Akatoa la gesi. Zuri, jepesi,
limekunja miguu kama panzi.
Likiwaka linasema sss,
kama mtu anyamazishaye mtoto wa jirani.
Na kopo likiisha?
Unanunua jingine.
Wapi, kule Ngungu?
Akalirudisha kwenye boksi taratibu, bila kinyongo.

Mbabula sikuiuliza. Ile ni ya watu waliokaa.
Inataka makala, makala yanataka gunia,
gunia linataka kiti changu.

Shemeji yangu Bwira alikuwa na dawa yake:
toboa kopo la sadini, tia kanyanga,
uone moto wa buluu, usio na sauti,
mchana hata huuoni.
Ni kweli. Tulijaribu uani.
Maji yalikuwa bado vuguvugu
na nusu ya mafuta ilikuwa tayari ndani ya Bwira.

Lililobaki lilikuwa pembeni, la shaba,
la mkono wa pili, shingo imeungua.
Linakunywa petroli.
Nikacheka peke yangu: tanki moja, vinywa viwili.
Linanuka. Linaguna. Ndimi zake za kwanza
zinaruka juu, wenye nyusi wanajua.
Na kila kikombe cha chai
ni kipande cha barabara nilichokimeza.

Nikalishika. Nikaliweka chini.
Nikakumbuka usiku ule mlima ulipofunguka,
sisi tukikimbilia Sake gizani,
nyuma yetu moto mpana kuliko mtaa,
na katika umati wote ule
hakuna aliyeweza kumchemshia mtoto uji.

Nikalipa.
Katungu akaongeza sindano ya kuzibulia, bure,
akasema: hili halitaki haraka.
Lisafishe kabla hujalitukana.

Wiki iliyofuata, juu kidogo ya Mushaki,
mnyororo ukakatika.
Mawingu chini yangu, ng'ombe juu yangu.
Nikapanga mawe matatu,
si ya kutegea sufuria, ya kuzuia upepo.
Pampu ishirini.
Likakohoa, likaguna, likatulia katika buluu.

Nilikuwa nimepima kimo, uzito, bei,
hata unene wa shingo ya chupa.
Watu sikuwapima.

Akaja mama na karai la viazi.
Akaja msukuma chukudu, mgongo unafuka.
Akaja mvulana wa ng'ombe, kajifunika plastiki.
Hawakuomba kitu. Walisimama
kama watu waliokuja kuangalia milima
ambayo wameiona tangu kuzaliwa.

Sufuria yangu ni ya vikombe viwili,
ukiijaza hadi mdomo.
Tukachemsha mara tatu.
Sindano ikafanya kazi mara mbili.
Mfuniko ukawa kikombe, na mama
akakoroga sukari kwa kijiti.

Mvulana akanusa kwanza, akakunja pua.
"Inanuka Goma," akasema.

Kisha akanyoosha mfuniko, aongezewe.