Kioo cha Semeni

Kilikuja ndani ya bahasha ya dawa,
kimezungushiwa pamba kama jino la mtoto:
kipande cha kioo, upana wa ukucha,
na katikati doa la kijivu.
Nikalipuliza. Nikalifuta kwa kitambaa cha dukani.
Halikutoka.

*Si vumbi, baba,* aliandika. *Usilisugue.
Ni nguzo. Zaidi ya mia zasimama
kwenye unene wa unywele wako mmoja, hata ule wa mvi.
Kila moja bapa kama kibiriti, kila moja na upande wake.
Nuru ikipita huchelewa, hapa kidogo, pale zaidi,
ikitokea ng'ambo imekuwa picha.*
Huko, anasema, wanaziweka kwenye noti na pasi za kusafiria,
mwizi aone na asiweze kuiga.

Mimi ni fundi miwani, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili.
Mwaka wa thelathini na moja huu nawauzia macho wenye macho.
Nuru naijua kwa mkono.
Lenzi ya kusomea naipima kwa kuisogeza juu ya gazeti;
ya jua, ile halisi, kwa kuipandisha juu ya mwenzake
na kuizungusha mpaka dunia izimike.
Lakini lenzi zangu zina tumbo, zina mgongo.
Hiki hakina chochote. Bapa kama neno *hapana*.

Maelekezo: tafuta ile tochi nyekundu ya kuchezea watoto.
Niliipata Mgandini, elfu mbili, betri juu yangu.
Kati ya tochi na kioo, lenzi ya jua. Ilaze.

Ukutani pakatokea kikombe.
Kikombe kizima, na mvuke wake!
Mwanasha akaacha maandazi kwenye mafuta,
watoto wakajaa mlangoni,
Shekue wa cherehani akanyoosha mkono akishike,
kikombe kikamhamia kiganjani, hakikumwagika.
"Mwanao kakutumia chai, Mzee Mwinchande.
Yeye mwenyewe lini?"
"Karibu tu," nikasema.

Chini kabisa ya barua palikuwa na mstari:
*Ukiwa peke yako, isimamishe.*

Nilishusha mlango wa bati.
Lenzi ilipofika mshazari kikombe kilififia,
na kitu kingine kikapenya ndani yake,
vyote viwili ukutani, kama watu wanaosema kwa pamoja.
Nikazungusha tena. Kikombe kikafa.
Zikabaki herufi,
na herufi nazo zimefungwa
kwa kufuli lisilo la maabara yoyote.

Mama yangu ndiye aliyemfundisha kinyume,
wakichambua mchele, wajomba wasielewe.
Silabi ya mwisho hutangulia.
Sokoni ni *nisoko*. Tanga ni *ngata*,
ile ile unayoweka kichwani chini ya mzigo.
Alicheka wiki nzima, mtoto yule.
Nilimwita Semeni
kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa ya watu wanyamavu.

Mashine zao zitavunja nini?
Hazijakaa kwenye mkeka wa mama.

Maneno yalikuwa mawili.
La kwanza nililielewa kabla sijataka.
La pili nililigeuza, likabaki vile vile.
Nikaligeuza tena.
Kuna maneno kinyume hakiyawezi,
mkia wake ndio kichwa chake.

Mchana lenzi imelala. Anayeuliza namwonyesha chai.
Usiku naisimamisha,
na kati ya kalenda na bango la kupimia macho,
mahali ambapo kwa miaka yote hii nimewauliza wengine
*unasoma nini hapo?*
yanasimama, mekundu, hayatikisiki
ila mkono wangu ukitikisika:

DISIRU BABA